Je, Mtu Aliyepona Akichoka ni Mvivu?

Liko swali moja linaloulizwa kwa sauti ya chini katika nyumba nyingi za washarika, wala halipati jibu, kwa kuwa watu huona haya kulisema wazi. Swali lenyewe ni hili: Mtu aliyeugua saratani, akapelekwa hospitali, akatibiwa hata mwisho, akarudi kwake, akashukuru mbele ya usharika, kama baada ya miezi sita au mwaka mzima bado hana nguvu za kufanya kazi yake, tumwiteje? Ni mgonjwa? Ni mzima? Au ni mvivu? Twataka kulitafakari swali hili, maana jibu lake laweza kuijenga nyumba ya mtu, au kuibomoa.

Zamani swali hili halikuulizwa sana, kwa sababu waliopona ugonjwa huo walikuwa wachache mno. Siku hizi mambo yamebadilika. Huko Dar es Salaam, mahali pa hospitali ambayo Wajerumani waliijenga karibu na bahari mwishoni mwa karne ya 19, iko Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyoundwa mwaka 1996. Huko Moshi hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina kituo chake cha kutibu saratani tangu mwaka 2016. Wengi bado hufika wakiwa wamechelewa, nasi twawazika kwa huzuni. Lakini wako wengine wanaorudi. Tumejifunza kumwombea mgonjwa, tumejifunza kumlilia aliyekufa. Lakini kuishi na mtu aliyerudi na nusu ya nguvu zake hatujajifunza bado.

Tumtazame mama mmoja. Hatumtaji jina, maana si mtu fulani, bali ni mfano wa wengi. Kwake ni mlimani, penye migomba na kahawa. Alishikwa na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo iwashikayo wanawake wa Tanzania kuliko saratani zote nyingine. Akapelekwa Dar es Salaam, akatibiwa kwa mionzi siku tano kila juma, kwa majuma matano hivi, na mara moja kwa juma akatiwa dawa mshipani. Kisha akapewa mionzi ya ndani. Mumewe aliuza ng'ombe wa maziwa ili apate nauli na fedha za kukaa mjini. Binti yake mkubwa aliacha masomo muhula mmoja apate kuwatunza wadogo zake. Baadaye daktari akasema kwamba uvimbe hauonekani tena. Mama aliporudi alipokewa kwa nyimbo, sadaka ya shukrani ikatolewa, mbuzi akachinjwa. Kila mtu alifurahi, naye alifurahi kuliko wote.

Kisha mvua za masika zikanyesha, na mvua haimngoji mtu. Mama akashika jembe. Alipolima mistari miwili magoti yakalegea, akaketi chini ya mgomba. Kesho yake hakuweza hata kukata majani ya mbuzi. Usiku alilala, lakini alipoamka alikuwa kama mtu aliyebeba mzigo usiku kucha. Jikoni alisahau kama ametia chumvi au hajatia. Kanisani, kabla wimbo wa pili haujaisha, alitafuta mahali pa kuketi. Mkwewe, mwanamke mwema aliyemlilia sana siku za ugonjwa, akamwuliza, "Mwanangu, si ulituambia umepona? Mbona waketi mchana?" Akajibu, "Nimepona, mama, lakini mwili haujarudi." Mkwewe akanyamaza. Lakini jioni, kwenye mfereji wa maji, majirani wakasema neno fupi na zito: "Amezoea kuhudumiwa."

Neno hilo ndilo tunalotaka kulipima.

Kwanza yatupasa kulijua jambo lenyewe, maana haifai kuhukumu tusilolijua. Madaktari wa saratani wanaufahamu uchovu huu vema, nao huuhesabu kuwa jambo lililo mbali na uchovu wa kila siku. Uchovu wa mtu aliyelima hulingana na kazi yake, na usingizi huuondoa. Uchovu uletwao na saratani na matibabu yake haulingani na kazi iliyofanywa, wala usingizi hauuondoi. Hushika mwili, hushika na akili na moyo pia, hata mtu hukosa maneno aliyoyajua, au husahau alilotumwa. Walio wengi katika wale waliopewa dawa kali au mionzi huuonja wakati wa matibabu, kisha hupata nafuu kidogo kidogo katika mwaka wa kwanza baada ya matibabu kwisha. Lakini wataalamu waliolichunguza jambo hili, hasa katika Ulaya na Marekani, wameona kwamba robo moja hata theluthi moja ya waliopona huendelea kuchoka kwa muda mrefu, na wengine kwa miaka mingi.

Sababu zake ni nyingi, na mara nyingi kadhaa huungana pamoja. Dawa na mionzi haziui chembe za ugonjwa tu. Hugusa na chembe njema, hasa zile za ndani ya mifupa zinazofanyiza damu. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, kisha sharti nyingine izaliwe mahali pake. Kama mifupa imedhoofishwa, damu hupungua, na mtu hutweta apandapo kilima kidogo. Tena mwili una askari wake wa kupigana na maradhi. Wataalamu wengi hufikiri kwamba vita ikiisha, wengine wa askari hao hawaweki silaha chini upesi, nao huendelea kula nguvu za mwenyewe. Mwanamke aliyepigwa mionzi tumboni mara nyingi hukoma hedhi kabla ya wakati wake, akaamshwa usiku na joto la ghafula, asipate usingizi wa kutosha. Misuli nayo hupungua kwa kulala siku nyingi kitandani. Ongeza maumivu, ongeza hofu ya kesho, ongeza huzuni. Na katika nchi zetu ongeza malaria, na minyoo, na chakula kisichotosha, ambavyo huipunguza damu iliyokuwa tayari imepungua.

Basi, yule aliyesema kwenye mfereji, "Amezoea kuhudumiwa," alisema juu ya moyo wa mtu neno ambalo lilipasa kusemwa juu ya damu, na mifupa, na usingizi.

Wako watakaojibu, "Lakini uvivu nao upo." Ni kweli, upo, wala hatutaki kuuficha. Twaweza hata kutaja alama zake. Mvivu hupumzika akaridhika. Mchovu hupumzika asipate pumziko. Mvivu huikimbia kazi, lakini akiitwa karamuni hufika. Mchovu huikosa kazi, na karamu pia huikosa, au huondoka kabla chakula hakijapakuliwa. Mvivu huleta udhuru kabla ya kuanza. Mchovu huanza, akashindwa, akaona haya. Alama hizi zasaidia kidogo. Lakini zisitufanye waamuzi, maana mchovu ana siku zake njema pia. Leo utamwona sokoni akicheka na rafiki zake. Kesho hawezi kuinua ndoo. Naye aliyemwona sokoni atasema, "Juzi nilimwona kwa macho yangu, hana neno." Amesema kweli juu ya jana, akakosea juu ya leo. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mara nyingi katika mazungumzo kama haya huletwa agizo la Mtume Paulo kwa Wathesalonike juu ya kazi na chakula. Lisomeni tena kwa makini. Mtume alikuwa akisema juu ya watu wasiotaka kazi. Wasioweza hakuwataja. Kutaka ni jambo moja, kuweza ni jambo jingine, na tofauti ya mambo haya mawili ndiyo tunayoitafuta. Kuweza kwa mtu daktari aweza kukupima kidogo, kwa kutazama damu na pumzi na mapigo ya moyo. Kutaka kwake hakuna mizani ya kukupima, wala mfereji wa maji haujapata kuwa hospitali.

Basi ikiwa hatuwezi kuuona moyo wa mtu, nasi hatuna budi kuamua namna ya kumtendea, tukikosea tukosee upande upi? Tukimdhania mvivu kuwa mchovu, hasara yetu ni kibaba cha unga na siku moja ya jembe. Tukimdhania mchovu kuwa mvivu, twamtwika mzigo mtu ambaye mgongo wake umekwisha kuinama. Atajikaza kulima mpaka aanguke. Au atajificha ndani asionekane. Au atajifunza kusema uongo, kwamba ni mzima, na siku atakapokuwa na dalili ya hatari atainyamazia pia. Hasara ya kwanza hulipika. Ya pili mara nyingine hailipiki. Kwa hiyo twasema kwamba heri kudanganywa na mtu mmoja kuliko kumvunja mwingine.

Lakini hatusemi hivi kana kwamba kibaba cha unga ni kitu kidogo. Katika nyumba iliyouza ng'ombe, kibaba ni kitu kikubwa, na binti aliyeacha masomo ni hasara isiyopimwa kwa kibaba. Mkwe aliyeuliza hakuuliza kwa ubaya. Yeye naye amechoka. Alilea wajukuu, alipika, alikesha, alingoja. Na siku ile mbuzi alipochinjwa alifikiri kwamba mzigo wake umeshushwa. Sasa aona kwamba mzigo bado uko kichwani, wala hapana tena mtu wa kumwimbia. Hapa ndipo tunapoona jambo ambalo hukumu ya haraka haioni: mara nyingi neno la "mvivu" halizaliwi na chuki, bali na upungufu. Nyumba yenye mikono ya kutosha haiulizi sana nani ameketi. Kwa sababu hiyo, kuwakemea watu wa nyumba hakutoshi. Anayetaka mchovu asihukumiwe, na achukue jembe.

Liko na kosa la pili, nalo huonekana kama uchaji wa Mungu. Ni kumdai mtu shukrani. "Mungu amekuponya, nawe bado walalamika?" Neno hilo huumiza kuliko lile la mfereji, maana humfanya mtu adhani kwamba uchovu wake ni dhambi. Atazame nyuma, awakumbuke wale aliolala nao wodini ambao hawakurudi kwao, ajione hana haki ya kuchoka. Lakini shukrani na uchovu si adui. Hukaa katika mtu mmoja bila ugomvi. Mwanamke aliyejifungua usiku humshukuru Mungu kwa mtoto, na mwili wake bado unauma. Binti wa Yairo alipofufuliwa, jambo lililoagizwa mara moja ni kwamba apewe chakula. Mwujiza ulikuwa umekamilika, na mwili ulikuwa bado na haja yake, na haja hiyo haikuhesabiwa kuwa ukosefu wa shukrani. Eliya naye, baada ya siku kuu ya mlima Karmeli, alilala chini ya mti jangwani akitamani kufa. Malaika hakumkaripia. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akaja mara ya pili, akampa tena. Baada ya hayo ndipo Eliya alipopata nguvu za kwenda safari ya siku 40.

Hata Martin Luther, mwezi wa Julai mwaka 1527, huko Wittenberg, alishikwa na ugonjwa wa ghafula hata akadhani kwamba anakufa. Hazikupita siku nyingi akainuka kitandani. Lakini udhaifu wa mwili na giza la moyo vilimfuata miezi mingi, na katika miezi hiyo hiyo tauni ikaingia mjini. Ugonjwa wake haukuwa saratani, lakini twajifunza kwake kwamba kuinuka kitandani na kurudiwa na nguvu ni mambo mawili, wala hayaji siku moja.

Kosa la tatu ni kunong'ona kwamba ugonjwa umerudi, au kwamba kuna mkono wa mtu. Maneno haya humjaza mchovu hofu, na hofu humla usingizi, na kukosa usingizi humzidishia uchovu. Uchovu peke yake si ushuhuda kwamba saratani imerudi. Lakini kama pametokea jambo jipya, kama damu kutoka, au uvimbe, au maumivu yasiyokuwapo, au mwili kukonda bila sababu, mtu asingoje tarehe yake ya kuonana na daktari. Na aende mapema. Wala asiende kwa wale wauzao chupa za dawa ya kuongeza nguvu. Nyumba iliyokwisha kuuza ng'ombe isiuze na mbuzi kwa ajili ya maji yenye rangi.

Sasa twamgeukia mchovu mwenyewe, maana tukimwondolea hukumu hatumwondolei wajibu. Kumwambia mtu kwamba hana wajibu wowote ni kumhesabu kana kwamba amekwisha kufa.

Wajibu wake wa kwanza ni kusema kweli. Wengi humficha daktari uchovu wao. Wakiulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo," kwa adabu, wakarudi nyumbani na mzigo wao. Wengine hudhani ni aibu kusema habari ya kuchoka mbele ya daktari aliyewaokoa na mauti. Lakini baadhi ya sababu za uchovu zatibika. Damu iliyopungua hutibika. Malaria hutibika. Tezi ya shingoni, kama ilidhurika kwa mionzi iliyopita hapo, ina dawa yake. Maumivu yana dawa, na huzuni ina msaada. Daktari hawezi kutibu asiloambiwa. Na aseme kwa maneno yaliyo wazi: "Zamani nilichota ndoo sita, sasa ni mbili, nalala saa nane, naamka nimechoka." Vivyo hivyo amwambie mumewe, au mkewe, kabla majirani hawajamweleza kwa namna yao.

Wajibu wa pili ni kuzitawala nguvu alizo nazo. Watu wa nchi kavu wajua kisima cha mchangani. Wakati wa kiangazi mto ukikauka, wanawake huchimba mchanga, na maji hujikusanya polepole chini ya shimo. Anayechota kidogo na kungoja hupata maji safi siku nzima. Anayekomba kwa haraka hupata tope, na shimo hubomoka. Nguvu za mtu aliyetoka katika matibabu ni kama kisima hicho. Siku anapojisikia vema hushawishwa kulima shamba zima apate kuwanyamazisha watu, kisha hulala siku tatu. Afadhali alime mistari miwili asubuhi wakati wa ubaridi, apumzike, afanye kazi ya kuketi, kama kupukuchua mahindi, kisha jioni aone kama kisima kimejaa tena. Achague pia kazi iliyo ya lazima kwake mwenyewe, na iliyo ya watoto awaachie watoto.

Wajibu wa tatu utawashangaza wengine: asilale daima. Hapa mchovu na mvivu hukutana na hatari moja, maana kupumzika kupita kiasi huidhoofisha misuli, na misuli dhaifu huchoka upesi zaidi. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya majaribio 113, yaliyokusanywa pamoja, yenye watu zaidi ya 11,000. Ilionekana kwamba mazoezi ya mwili, na mafundisho ya kuyatuliza mawazo na moyo, hupunguza uchovu huu kuliko dawa zilizojaribiwa. Tena mwaka 2019 wataalamu wa nchi mbalimbali walishauri mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa miguu, kwa nusu saa, mara tatu kila juma, na kuendelea hivyo kwa majuma 8 hata 12. Kwa mtu wa kwetu jambo hili si geni: ni kwenda mpaka kwa jirani na kurudi, bila mzigo kichwani. Asianze na nusu saa. Aanze na dakika tano, au kumi, akaongeza kidogo kila juma. Aliye na ugonjwa wa moyo, au aliyepewa dawa zinazoweza kuudhuru moyo, na amwulize daktari kwanza. Haba na haba hujaza kibaba.

Wajibu wa nne ni mgumu kuliko yote, nao ni kuacha kujipima kwa mtu aliyekuwa zamani. Mama yule huhesabu mistari aliyokuwa akilima, hulia. Mwalimu wa mtaa aliyetibiwa saratani hukumbuka kwamba alihubiri mahali patatu kwa Jumapili moja, na sasa hata mahali pamoja hutafuta neno asilione. Huzuni hiyo ni ya haki, na haifai kumkataza mtu kuiona. Mtu hupoteza kitu cha kweli. Lakini kupima siku ya leo kwa mizani ya miaka iliyopita ni kujidai deni ambalo hakuna mtu aliyelikopa. Huenda nguvu zitarudi zote. Huenda zitarudi baadhi. Aliye mwaminifu katika mistari yake miwili hapungukiwi na uaminifu kwa sababu jirani yake amelima ishirini.

Mwisho twasema na wazee wa usharika, na walimu, na wote wenye mikono mizima. Kwanza, badilisheni swali. Msiulize kila Jumapili, "Umepona?" Swali hilo lina jibu moja tu la adabu, na jibu hilo humfunga mtu. Mwulizeni, "Leo nguvu zako zafika wapi?" Hapo ataweza kusema kweli bila kuonekana mkosa shukrani. Wala msingoje aombe msaada, maana mgonjwa haulizwi uji. Mwenye haya hataomba, pelekeni.

Pili, msaada wenu uwe mrefu kama uchovu ulivyo mrefu. Twajua desturi: juma la kwanza watu hujaa uani, kila mmoja na kikapu chake, mwezi wa tatu huja wawili, mwezi wa sita haji mtu. Afadhali watu sita waliopangiana zamu ya jembe kwa masika yote kuliko watu sitini wa siku moja. Na katika zamu hiyo mkumbukeni binti. Kumrudisha shule ni sehemu ya kumponya mama yake, maana mama akimwona binti nyumbani saa za masomo, kila saa ya kuketi humchoma kama kosa.

Tatu, msimwondolee mtu kila kazi kwa kumhurumia. Mtu asiyetumika kwa lolote hufa moyo kabla ya mwili. Mpeni kazi iliyo kadiri yake. Mwenye sauti na asome somo akiwa ameketi, wala pasiwe na mtu wa kumtazama kwa mshangao. Mwalimu aliyechoka na aachiwe mahali pamoja pa kuhubiri, na vijana wachukue mahali pawili. Hivyo vijana watajifunza na mzee atapumzika. Ajuaye hesabu na aandike daftari la sadaka. Nne, mkienda kumtazama, kaeni kidogo. Ugeni wa saa tatu, hata ukiwa wa upendo, humaliza maji ya kisima.

Basi, tumwiteje mtu aliyepona akachoka? Tumwite aliyepona, aliye bado njiani. Daktari alisema kweli aliposema kwamba uvimbe hauonekani. Naye mama alisema kweli aliposema kwamba mwili haujarudi. Kweli hizi mbili zasimama pamoja, nasi yatupasa kuzipokea zote mbili bila kutumia moja kuwa fimbo ya kuipigia nyingine. Usharika uliomsindikiza kwa maombi alipokwenda, ukampokea kwa nyimbo aliporudi, bado una sehemu ya tatu ya kazi yake, nayo haina nyimbo wala mbuzi wa kuchinjwa. Ni kungoja pamoja naye. Na masika ijayo, mvua ikinyesha, kabla hajauliza mtu nani ameketi chini ya mgomba, na ionekane kwamba shamba lake limekwisha kulimwa.